Mama wa Jumapili

Wafungwa walimwita Sajini Mikasi. Katika gereza lile la wanawake alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi ya mwisho yeye ndiye aliyesimamia karakana ya ushonaji. Hakuna aliyewahi kumwona akifunga mlango kabla ya kuhesabu mikasi mara mbili. Ilikuwa kumi na minne. Mmoja ukikosekana, wanawake wote thelathini walichuchumaa sakafuni wakapekuliwa hadi upatikane, hata kama ulikuwa umelala zake tu chini ya vipande vya kitambaa. Hakuwa mkatili. Hakuwahi kumzaba mfungwa kofi, wala hakuwa na mdomo mchafu kama baadhi ya wenzake. Alikuwa mtu wa kuamini vitu vinavyohesabika. Vingine vyote alishavinawia mikono.

Zamu ya Jumapili alikuwa akiiomba mwenyewe. Askari wenzake walimshukuru kwa kuwaachia nafasi ya kukaa na familia zao, wakamwona mtu wa huruma. Kumbe mwenzao alikuwa anakimbia kanisa.

Miaka sita nyuma Sajini alikuwa na binti wa miaka saba, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidoti kwa alama nyeusi aliyokuwa nayo shavuni. Mume alikuwa dereva wa malori, na safari zake zilikuwa zimeanza kurefuka kuliko barabara zenyewe, hivyo mtoto alibaki na bibi yake kila Sajini alipokuwa kazini. Bibi huyo, mama mzazi wa Sajini, alikuwa shemasi kanisani, na mtaa mzima ulimwita Mama Shemasi. Asubuhi moja Kidoti aliamka na homa. Sajini akamgusa paji la uso, akasema akizidiwa apelekwe hospitali, akavaa buti zake akaondoka. Simu za askari huachwa getini, kwa hiyo hakujua kilichoendelea. Aliporudi saa tisa alasiri alikuta sebule imejaa wanawake wa kikundi cha maombi, wamepiga magoti, jasho linawatiririka, na mtoto yuko katikati yao kwenye godoro, macho yamegeuka. Alimbeba akatoka naye mbio. Daktari, kijana aliyeonekana hajalala siku mbili, alisema maneno mawili tu: "Mngemleta asubuhi." Jua halikuzama Kidoti akiwa hai.

Mama Shemasi hakulia. Alisimama wima makaburini, akaongoza nyimbo kwa sauti isiyotetemeka, na watu walipokuja kumpa pole alijibu kwamba Mungu ana mpango wake. Sajini alimsikia akilisema hilo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne alinyanyuka akaenda kukaa chooni mpaka waombolezaji walipotawanyika. Tangu siku ile hakukanyaga kanisani. Mume naye safari moja ilimpeleka moja kwa moja kwa mwanamke mwingine. Wakabaki wawili ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, mama na mwana, wakizungumza habari za chumvi na maji. Na mama yake aliacha kumwita mwanangu. Alimwita Sajini, kama wanavyomwita watu baki. Mwanzoni ilikuwa kama utani, ikazoeleka, ikawa ndilo jina lake.

Sasa fikiria mshtuko wake siku mama huyo aliposema, huku anakunywa chai, kwamba kanisa limemweka kwenye kundi la kutembelea wafungwa.

"Gereza gani?" Sajini akauliza, ingawa mji ule ulikuwa na gereza moja tu la wanawake.

"Hilo hilo lenu."

Sajini aliweka kikombe chini. "Basi ukifika kule, mimi si mwanao. Wafungwa wakishajua askari ana mama, watapitia kwa mama."

"Sawa, Sajini," mama akajibu, akaendelea na chai yake.

Wakafanya hivyo kweli. Jumapili ya kwanza Mama Shemasi alipanga foleni getini na wenzake watano, aliokwisha kuwaomba wafiche siri, akafungua mkoba ukapekuliwa, akasema "Shikamoo, Afande" kwa binti aliyemzaa mwenyewe, na binti akaitikia "Marahaba, pita," bila kupepesa jicho. Kwa upande wa askari, aliyeujua ukweli ni Koplo peke yake, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa rafiki yake Sajini tangu chuo, na Koplo alilazimika kugeukia ukutani ili asicheke.

Sala zilifanyika katika bwalo la chakula, mabenchi yakisogezwa pembeni. Na humo bwaloni ndimo Mama Shemasi alimokutana na mfungwa waliyemwita Kimya.

Kimya alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliwahi kuwa mtumishi wa ndani, na mtoto wa mwajiri wake, wa mwaka mmoja na nusu, alizama kwenye beseni la kuogea wakati yeye anazungumza kwenye simu. Mahakama ilimpa miaka tisa. Tangu aingie gerezani alikuwa hazungumzi na mtu. Alijibu jina lake wakati wa kuhesabiwa, basi. Katika karakana alikuwa fundi kuliko wote. Mshono wake ulikwenda kama mstari uliopigwa kwa rula, na Sajini, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliwahi kumwonyesha shuka aliloshona kwa wengine kama mfano. Lakini hakumpenda. Kila alipomtazama mikono aliona beseni. Alijiambia kwamba yeye alimpoteza mtoto kwa kuwa alikuwa kazini, na huyu alimpoteza mtoto wa watu akiwa naye palepale. Hakutaka kulifikiria zaidi ya hapo.

Mama Shemasi alikwenda akaketi kando ya Kimya, hakusema kitu. Jumapili iliyofuata akaketi tena. Ya tatu, ya nne. Jumapili ya saba Kimya akafungua mdomo, na baada ya mwezi mwingine alikuwa anaimba, tena sauti ya kuwasimamisha watu njiani. Gereza zima likashangaa. Mchungaji akamtaja katika mahubiri. Mkuu wa gereza, mama mmoja wa miwani aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alisema kwa furaha kwamba huyu ndiye mfano wa mfungwa aliyerekebika.

Sajini alisimama mlangoni mwa bwalo, mikono nyuma, akitazama. Alimwona mama yake amemshika Kimya mkono, ameinamisha kichwa kumwelekea, midomo ya wote wawili inakwenda. Wanaomba, akajiambia. Kisha siku moja akaona kitu kilichomgandisha. Mama yake aliegemeza paji la uso kwenye bega la Kimya, na mabega yake yale, yaliyokuwa wima makaburini, yalikuwa yanatikisika. Kimya alikuwa akimpapasa mgongo polepole, kama unavyombembeleza mtoto.

Hakulia kwa Kidoti, Sajini akawaza. Hakulia mbele yangu. Analia kwa huyu?

Tangu hapo hakupata raha. Nyumbani, mama aliyekuwa haongei sasa aliongea, na maongezi yenyewe yalimhusu mtu mmoja. "Mwanangu ana kikohozi, hamna dawa kule?" "Mwanangu anasema mnawaamsha mapema mno." Neno hilo "mwanangu" lilimchoma Sajini kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo: alijua ipo, hakujua itamdunga lini.

Msimu wa baridi ulipoanza, mama alinunua madonge ya uzi wa bluu iliyokoza akaanza kufuma sweta. Sajini hakuuliza. Zamu za asubuhi zilikuwa na baridi kali, na rangi ile ndiyo ya sare za askari. Ni nani mwingine angefumiwa sweta la namna hiyo? Jioni alijipitisha mbele ya mama yake bila sababu, akanyoosha mikono kupanga vyombo juu ya kabati, ili mama ampime kwa macho. Aliona haya hata yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na sita anajipitishapitisha kama mtoto anayenusa zawadi. Lakini alifanya hivyo kwa wiki tatu.

Jumapili moja mkoba wa mama ulipofunguliwa getini, sweta lilikuwa ndani, limekunjwa vizuri, na kikaratasi kimebandikwa juu yake: Kimya.

Sajini alilitoa mkobani. "Hili haliwezi kuingia," akasema.

"Kwa nini, Afande?"

"Rangi ya sare. Mfungwa haruhusiwi nguo ya rangi ya askari."

Sheria ilikuwa kweli, ipo ukutani. Mama Shemasi hakubisha. "Sikufikiria," alisema kwa unyonge, akalirudisha mkobani. Wiki nzima Sajini alingoja apewe yeye. Hakupewa. Liliwekwa kabatini, likakaa humohumo.

"Wewe mwenzangu," Koplo alimwambia mchana mmoja walipokuwa wanakula, "una wivu wa mke mwenza. Tofauti ni kwamba mnagombea bibi kizee."

"Wivu wa nini? Mfungwa yule anamchezea mama yangu akili. Dini za jela unazijua. Wanaokoka leo, wakitoka kesho wanarudia yaleyale."

"Anamchezea akili apate nini? Hata sweta hajapata."

Sajini alifunika sahani yake akaondoka. Jumatatu yake alibadilisha orodha ya zamu, akampanga Kimya kusugua masufuria jikoni kila Jumapili kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Mama Shemasi alikuja, akamkosa mtu wake, akakaa bwaloni mikono mapajani akitazama mlango. Sajini alimwona. Roho ikamtulia kidogo, kisha ikamuuma, kisha ikatulia tena. Wiki tatu zilipita hivyo mpaka Mkuu alipouliza imekuwaje mwimbaji haonekani, zamu ikarudishwa ilivyokuwa.

Kisha likaja lile la kamati. Kila mwaka kamati ya kupunguza vifungo ilipitia majina ya wafungwa wenye mwenendo mzuri, na kila jina lilihitaji taarifa ya askari anayemsimamia mfungwa kazini. Kimya alishatumikia miaka minne na nusu. Karatasi yake ilitua mezani kwa Sajini, kwenye kona ya karakana, katikati ya mashine kumi na tano zinazonguruma.

Aliandika vizuri sehemu ya kazi: hodari, mwangalifu, hapotezi kitambaa. Halafu ikaja sehemu ya tabia. Kalamu ilisimama. Akainua macho, akamwona Kimya ameinamia shuka, anaimba kwa sauti ya chini, wimbo uleule ambao Mama Shemasi alikuwa akimwimbia Sajini utotoni alipokuwa akimsuka nywele. Sauti ilikuwa tamu. Ndiyo iliyomponza Kimya. Sajini akainamisha kichwa akaandika: Mfungwa huyu anatumia dini kama pazia. Hajutii kosa lake. Akatia saini, akapuliza wino ukauke.

Majina tisa yalikwenda, saba yakarudi. Yalisomwa uwanjani saa ya kuhesabiwa, na la Kimya halikuwamo. Wafungwa waligeuka kumtazama, maana hata waliokuwa wakimwonea kijicho walikuwa na hakika naye. Kesho yake hakuimba, wala keshokutwa. Jumapili alikaa kando ya Mama Shemasi, na safari hii wote wawili walikuwa kimya. Nyumbani mama hakugusa chakula. "Mwanangu aliwakosea nini?" alisema, akaenda kulala jua bado lipo.

Sajini alidhani atafurahi. Alihesabu mikasi ikawa kumi na mitatu, akahesabu tena ikawa kumi na minne. Mambo ya namna hiyo hayakuwa yakimtokea.

Siku ya Alhamisi, wengine walipokwenda kunywa uji, alimkuta Kimya amebaki kwenye mashine yake, gurudumu halizunguki.

"Unaumwa?"

"Hapana, Afande."

"Mashuka ya hospitali yanatakiwa kesho."

"Yataisha." Kisha, bila kugeuka, Kimya akasema, "Ofisini walinisomea ulichoandika."

Sajini alijikaza. Alikuwa na majibu yake tayari. "Niliandika ninachoona."

"Nusu ni kweli. Hilo la dini ni kweli." Kimya aligeuka sasa, uso hauna hasira, umechoka tu. "Mimi siamini, Afande. Nilijaribu. Nilipiga magoti mpaka yakaota sugu. Yule mtoto alikuwa anajifunza kusema maji. Akiliona beseni anasema ma, ma. Nikifumba macho kuomba namsikia. Sasa nitaomba nini?"

"Na nyimbo?"

"Nyimbo ni za mama wa Jumapili. Yule mzee mwembamba wa kanisani. Nikiimba anatulia. Naogopa akijua siamini ataacha kuja." Akapangusa pua kwa kiganja. "Lakini sijutii? Hilo, Afande, ungeniuliza kwanza."

Sajini angeweza kuondoka hapo. Alishapata alichokuwa akikitafuta: dini ni pazia, mfungwa amekiri kwa mdomo wake. Angeweza kulipeleka jambo hilo nyumbani jioni ileile, alitue mbele ya mama yake kama mzigo. Lakini neno moja lilimkaa vibaya.

"Anatulia kutokana na nini? Si yeye ndiye anayekuombea wewe?"

Kimya alisita. "Watu wote wanafikiri hivyo. Mwanzoni aliniombea. Kisha siku moja nilimwambia habari ya beseni, yote, hata zile nilizoficha mahakamani. Alinyamaza sana. Halafu akasema na yeye ana mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mjukuu wake. Alikuwa na homa, na binti yake yuko kazini. Akaita wenzake wa kanisani wakaanza kuomba. Anasema ilipofika saa nne asubuhi aliona kabisa homa haishuki, akajua moyoni huyu ni wa hospitali. Lakini yeye ndiye shemasi. Yeye ndiye aliyewafundisha wale wengine kwamba mwenye imani hayumbi. Akaona haya kunyanyuka mbele yao. Akasema moyoni, ngoja nimalize huu wimbo. Ukaisha, ukaanzishwa mwingine. Mpaka binti yake akarudi." Kimya alitazama mikono yake. "Anasema tangu siku ile akiomba anaona anaongea na ukuta. Lakini anaendelea, kwa sababu akiacha, mtoto atakuwa amekufa kwa ajili ya kitu ambacho hata yeye hakiamini. Analia sana, Afande. Na huyo binti anamwogopa kuliko Mungu. Anasema hajui aanzie wapi. Kila siku anapanga kumwambia, akimwona amevaa gwanda anaishiwa nguvu."

Kimya alisikia neno lile likimtoka mdomoni. Gwanda. Akainua macho taratibu, akamtazama Sajini usoni, pua ile nyembamba, kidevu kile. Kengele ililia, wanawake wakaanza kurudi.

Mtu angetegemea kwamba kitu cha kwanza kumshika Sajini kingekuwa huruma. Haikuwa hivyo. Kitu cha kwanza kilikuwa wivu, mkali kuliko wa sweta na wa machozi na wa wimbo. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasubiri miaka sita, kwenye meza ileile, chai ileile, na mama yake alikwenda kuyamwaga kwa mfungwa, mtu baki, mwuaji wa mtoto. Saa nne asubuhi. Alilipata hilo kwenye karakana, kutoka kwa mtu anayevaa namba mgongoni.

Zamu yake ilikwisha saa nane. Alimkuta mama yake jikoni, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Hakuvua hata kofia.

"Saa nne ulijua," alisema.

Kisu kilisimama. Mama Shemasi hakujifanya haelewi. Alikiweka kisu ndani ya sinia, akafuta mikono kwenye kanga, na ghafla akaonekana mzee sana.

"Amekuambia."

"Hakujua anamwambia nani. Mama, kwa nini yeye? Mimi nimekaa humu ndani miaka sita! Hujanipa hata pole. Umeniambia habari za mpango wa Mungu."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimwacha mwanao afe kwa kuona haya?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. "Ungeondoka. Mume wako alishaondoka. Ningebaki na nani? Yule binti hawezi kuniondokea. Amefungiwa. Na hawezi kuniona mbaya, maana na yeye yuko palepale nilipo."

"Na mimi je? Mimi nilimgusa nikaona ana homa, nikavaa buti nikaenda kuhesabu mikasi!"

Hilo Sajini hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Lilitoka kwa nguvu mpaka likamshtua mwenyewe. Mama yake alimkazia macho, mdomo wazi.

Sajini alivuta kiti akakaa, na kwa kuwa alishafungua, akamwaga lililobaki. Kwamba ndiye aliyempanga Kimya jikoni siku za Jumapili. Kwamba kamati ilimnyima kwa sababu ya mistari miwili aliyoandika yeye, na aliiandika akijua.

Mama Shemasi alinyanyuka. Alikuwa mfupi, lakini Sajini alijikuta amerudi nyuma na kiti chake.

"Mpumbavu wewe!" mama alifoka, sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu Sajini alipokuwa mtoto wa kusukwa nywele. "Mwanangu mimi, niliyekubeba, nikakusomesha, unakwenda kumwongezea mtu jela kwa sababu ya kijicho? Unamwonea wivu mfungwa? Ana nini yule? Niambie, ana nini?"

"Ana wewe," Sajini akasema.

Mama aliketi tena, polepole. Walikaa hivyo mpaka maji ya viazi yaliyokuwa motoni yakachemka yakamwagika. Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Lakini mama alilia, na safari hii alilia mbele yake, na Sajini alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. Waliongea habari za Kidoti mpaka giza likaingia. Mambo madogo: alivyokuwa anaficha viatu vya bibi, alivyokataa kulala bila mto wa babu. Katika miaka sita hawakuwa wamelitaja jina lake kwa sauti.

Asubuhi Sajini alipiga moyo konde akaingia ofisini kwa Mkuu wa gereza, akapiga saluti, akasema taarifa aliyoiandika ilikuwa ya chuki binafsi, na chuki yenyewe ni wivu. Mkuu alivua miwani.

"Unaelewa unachoniambia, Sajini?"

"Ndiyo, Afande."

"Miaka kumi na tisa, na faili lako halina hata doa moja. Wivu? Kwa mfungwa?" Mkuu alitikisa kichwa, akavuta karatasi. Hakumfichia wala hakumwonea. Sajini alipewa onyo la maandishi, akaondolewa karakana akapelekwa getini, na nafasi aliyokuwa akiitarajia mwaka ule ikaenda kwa Koplo, ambaye aliona aibu kuipokea na akaipokea. Barua ya kusahihisha ilikwenda kwenye kamati. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kukaa, na kikao kingine kilikuwa cha mwakani, miezi minane mbele.

Alikwenda kumwambia Kimya mwenyewe, uwanjani, kwenye kamba za nguo.

"Miezi minane," Kimya alisema. Hakupandisha sauti. "Wewe unatoka hapa kila siku saa nane, Afande. Unajua miezi minane ina asubuhi ngapi?"

"Naomba unisamehe."

"Bado," Kimya akasema, akaendelea kuanika.

Aliachiwa mwaka uliofuata, siku ya Jumanne yenye manyunyu. Sajini ndiye aliyekuwa zamu. Alimfungulia daftari la wanaotoka, Kimya akaweka saini, akapewa mfuko wenye gauni alilokuja nalo, ambalo sasa lilimpwaya. Nje Mama Shemasi alikuwa amesimama na mwavuli, tangu asubuhi. Alishamtafutia nafasi kwa fundi mmoja wa mashati upande wa pili wa mji. Kimya alivuka kizingiti, mwavuli ukaanguka, wakashikana pale kwenye manyunyu, na Sajini akasimama ndani ya geti mkono kwenye komeo. Wivu ulimpanda tena. Haukuwa mkali kama zamani, lakini ulikuwa uleule, na aliutambua.

Kabla hawajaondoka alimsikia Kimya akisema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mimi siamini."

"Najua," Mama Shemasi alijibu. "Ulikuwa unafumbua macho wakati wa sala. Nilikuwa nakuona, maana na mimi nilikuwa nayafumbua." Na wote wawili wakacheka kicheko cha ajabu, huku wamelowa.

Mama Shemasi hakuacha kwenda gerezani. Uongozi wa kikundi cha maombi aliurudisha, na alipoulizwa sababu alisimama mbele ya kanisa zima akaieleza, saa nne na wimbo na haya. Wapo waliomkumbatia na wapo walioacha kumsalimia. Siku hizi anawaambia wanawake wa bwaloni kwamba mgonjwa anaombewa mkiwa njiani kumpeleka hospitali, na hapo wanacheka, naye anawaacha wacheke. Kama anaamini au haamini, Sajini hajamwuliza. Yeye mwenyewe amewahi kuingia kanisani mara mbili, akakaa nyuma karibu na mlango, mara ya kwanza akatoka katikati na mara ya pili akakaa mpaka mwisho. Hakuna alichosikia. Lakini alimwona mama yake amekaa mbele kule, shingo nyembamba, na akaona ni afadhali amsubiri watoke pamoja.

Kila Jumamosi alasiri simu ya mama hulia, ni Kimya kutoka kwa fundi wake. "Eeh, mwanangu," mama husema kwa ile sauti, na Sajini hutoka nje kuanua nguo hata kama bado mbichi. Kimya hajawahi kumtumia salamu. Sajini hajawahi kuziomba. Akirudi ndani na nguo zake mkononi humkuta mama ameshakata simu, amemsogezea kiti, na huwa wanaanza kukunja.